Mjomba ametimiza mwaka mmoja

Mwezi uliopita mjomba alifikisha miaka 63. Nilifunga kibanda mapema (mimi ni fundi simu hapa Mtwara mjini), nikavuka kwenda kwake Msangamkuu na kilo mbili za sukari.

"Shikamoo mjomba. Hongera, umetimiza mwaka mmoja."

"Marahaba. Mwaka wa wapi huo?"

Wa Chariklo, nikamwambia. Ni kigimba cha mawe na barafu kinachozunguka Jua huko katikati ya Zohali na Uranusi, na mzunguko mmoja unakichukua miaka 63 hivi. Kilionekana mara ya kwanza mwaka 1997. Wanaanga wanakiweka katika kundi la sentauri, vitu ambavyo si asteroidi kamili (mawe yanayozunguka Jua) wala si kometi kamili (nyota zenye mkia). Upana wake ni kilomita 250 tu, haifiki nusu ya safari ya kwenda Dar.

Mjomba akaguna, akaendelea na chai yake.

Usiku ulikuwa wa giza, mwezi bado, na mashua za dagaa zilikuwa nje na taa zao. Tulikaa kwenye mkeka tukiangalia bahari. Ghafla taa moja ikapotea, ikarudi.

"Dau hilo," mjomba akasema. "Limetandaza tanga."

Mimi sikuona dau. Giza tupu.

"Wewe utaonaje? Angalia taa. Mtumbwi usingeificha muda wote ule."

Nikakaa wima, maana hapo alikuwa ameeleza mwenyewe nilichokuwa nahangaika kumweleza. Tarehe 3 Juni 2013 Chariklo ilipita mbele ya nyota, na wanaanga walioongozwa na Mbrazili Felipe Braga-Ribas walikuwa wameisubiri kwa darubini sehemu mbalimbali za Amerika Kusini. (Sisi Mtwara siku hizo tulikuwa na vurugu zetu za bomba la gesi, nani angeangalia nyota.) Walitaka kupima ukubwa wake tu: nyota inafichwa sekunde ngapi, basi unapiga hesabu. Lakini darubini ya Wadenmaki iliyoko La Silla, Chile, ilikuwa na kamera ya kasi. Ikanasa nyota ikififia kidogo mara mbili, halafu ikazimika, halafu ikawaka, halafu ikafifia tena mara mbili upande wa pili.

"Kamba," mjomba akasema. "Za mbele na za nyuma."

Pete, mjomba. Mbili. Moja ina upana wa kilomita 7 hivi, nyingine kama 3, na kati yao pengo la kilomita 9, pungufu kidogo ya kutoka hapa mjini mpaka Mikindani. Kabla ya usiku ule pete zilijulikana kwa sayari kubwa nne tu. Hakuna aliyetegemea kigimba kidogo namna ile kiwe nazo. Na hapo likafumbuka fumbo jingine: kuanzia 1997 hadi 2008 Chariklo ilikuwa ikipungua mwanga, na dalili za barafu zikawa hazionekani tena. Kumbe barafu ilikuwa kwenye pete, na pete zilikuwa zinatugeuzia ubavu. Nilichukua sahani ya vikombe, nikamwinulia usoni, nikaigeuza taratibu mpaka ukabaki ukingo peke yake.

"Rudisha sahani ya shangazi yako kabla hujaivunja."

Nilimwambia pia kwamba wagunduzi walizipa pete majina ya utani ya mito miwili, Oiapoque na Chuí, mmoja mpakani mwa Brazili kaskazini, mwingine kusini. Hili ndilo lililomwamsha kuliko yote.

"Kwa hiyo wangekuwa Watanzania, moja ingeitwa Ruvuma."

"Ndiyo. Na nyingine labda Kagera."

"Kagera ya nini? Lukuledi!"

Nikamweleza kwamba Lukuledi uko Lindi, haugusi mpaka wa nchi, na utani wenyewe ulikuwa mpaka wa juu na mpaka wa chini. Hakutaka kusikia. Nilipoondoka asubuhi kuwahi kivuko alinifuata hadi mlangoni kuuliza ile pete nene ni ipi, maana hiyo ndiyo Ruvuma.