Kilichoota Kwenye Jani la Mkoko

Desemba 2011 nilikuwa mhudumu wa maabara ya baiolojia katika chuo kimoja hapa Mombasa. Chuo kilikuwa kimefungwa. Wanafunzi walikuwa wameacha tangi la kioo la lita 40 lenye majani ya mkoko waliyookota Mikindani, maana walikuwa wakipima jinsi majani yanavyooza katika maji ya chumvi. Mimi niliambiwa nimwage, nisugue kwa klorini, nianike. Nilipotoa jani la kwanza, jeusi na limelegea kama mboga iliyochemshwa kupita kiasi, niliona upande wa chini limeota nywele nyeupe. Nililirudisha majini. Zile nywele zikafunguka.

Klorini niliirudisha kabatini, nikawasha darubini.

Kila unywele ulikuwa kikonyo chembamba, urefu wake milimita mbili au tatu hivi, na kichwani kikombe kidogo kilichozungukwa na minyiri. Nilichagua kimoja nikahesabu minyiri 28. Nikadondosha tone la maji lenye viduduvi hai. Mnyiri mmoja ukamnasa kiduduvi, ukajikunja taratibu hadi katikati ya kikombe, na pale katikati pakafunguka mdomo. Basi huu si ukungu, wala si mwani. Ni mnyama, na ana njaa.

Kwenye daftari la maabara nikaandika "hydra", yule mnyama mdogo wa majini mwenye minyiri. Jioni mwalimu aliyesimamia maabara alipita, akasoma, akatikisa kichwa. "Mwanangu, hydra tunayemfundisha hapa ni wa maji baridi. Huyu umemtoa kwenye chumvi. Futa." Hakukasirika. Aliinama kwenye darubini mwenyewe, akakaa hapo muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akasema ananipa tangi mpaka chuo kifunguliwe.

Nikawa nachora kila siku kwa penseli. Niliwaza kwamba huenda ni anemone wachanga, wanyama wa baharini, kwa sababu nao wana mdomo uliozungukwa na minyiri, na wapo wadogo ambao huzagaa kwenye matangi bila kualikwa. Kilichonivuruga ni vidonge. Ubavuni mwa kikombe palitokea uvimbe laini wa mviringo, usio na mnyiri hata mmoja. Ulikua, ukachomoka, ukaogelea huku ukijizungusha kama pia. Siku chache baadaye uliganda kwenye jani jingine ukaota minyiri. Jani nililoanza nalo likiwa na wanyama 7 lilifikisha 19, bila dume wala jike.

Mwalimu ndiye aliyeniambia niache kutazama minyiri nitazame tumboni. Tukamlaza mmoja kwenye kisahani, taa chini yake, tukasubiri atulie. Mwili ulikuwa mwangavu, na ndani zilionekana kuta nne zimeligawa tumbo kama msalaba. "Anemone ana kuta nyingi zaidi, tena ana koo linaloingia ndani," akasema. "Jamaa za hydra hawana kuta hizi kabisa. Nne ni ukoo wa yavuyavu." Yavuyavu ni yule mnyama laini wa baharini anayewasha. Hii ni polipu, yavuyavu ambalo bado halijawa yavuyavu, lingali limeshikamana na kikonyo. Lakini la aina gani? Polipu za jamii mbalimbali hufanana mno. "Tungoje aseme mwenyewe," akaamua.

Alichelewa kusema. Wiki zilipita, chuo kikafunguliwa, na mwalimu hakulidai tangi. Nilikuwa nimelihamishia dirishani penye mwanga, na kila Ijumaa nilikwenda Tudor kuchota maji mapya bahari ikijaa. Huko nilimkuta ami yangu akishona nyavu, nikamwonyesha michoro yangu. Aliigeuza huku na huku.

"Hiki sikijui, mwanangu. Yavuyavu nalijua."

"Huku kwenye mikoko kuna lipi, ami?"

"Kuna lile linalolala chali matopeni, miguu juu, rangi ya udongo. Ukipita juu yake maji yenyewe yanakuwasha, hata hujaligusa."

Habari hiyo ya maji yanayowasha niliiandika pembeni, nikiwa na shaka nayo. Ilikuwa kweli tupu. Yavuyavu hilo, Cassiopea, hutoa ute unaoelea wenye chembe za kuwasha, na mwaka 2020 wanasayansi walieleza kwamba ndani ya ute huo mna vidonge vidogo mno vinavyojisogeza vyenyewe na kuua viduduvi. Ami alikuwa ameujua ute huo kwa ngozi yake tangu utotoni.

Mwisho wa Januari, joto la kaskazi limekolea, vikombe viliingia rangi ya kahawia. Ule ulikuwa mwani, chembe chembe ndani ya nyama ya mnyama, walioingia na maji ya Tudor. Bila mwani huo polipu ya Cassiopea haivuki kuwa yavuyavu, hubaki polipu. Kisha kikombe kimoja kikaanza kutanuka kuwa sahani. Polipu za mayavuyavu mengine hukata sahani nyingi kwa mpigo. Hii ilitengeneza moja tu, na ile sahani ikaanza kupiga, pu, pu, ingali imeshikamana na kikonyo. Nilimwita mwalimu akaja mbio, chaki mkononi. Kesho yake asubuhi ilikuwa imeachia na inaogelea. Baada ya siku kadhaa ilishuka chini ya tangi, ikajigeuza, ikalala chali.

Nilipeleka sita kwa ami ndani ya ndoo, kila moja ndogo kuliko kifungo cha shati. Aliinamisha ndoo kwenye mwanga, akazitazama zikipiga, kisha akaomba tena daftari, afungue ukurasa wa kwanza wenye zile nywele.

"Haya ndiyo yale?"

"Ndiyo hayo, ami."

Akavua viatu, akaingia majini mpaka magotini, akaizamisha ndoo polepole kando ya mikoko.