Anga ya kaskazini, doa kwa doa

Wadogo zangu kule Tanga huniuliza kazi ninayofanya huku Uholanzi ni ipi hasa. Leo naieleza, maana ninaipenda sana.

Karibu na kijiji cha Exloo, mkoa wa Drenthe, zimetandazwa antena za darubini ya redio iitwayo LOFAR. Usitarajie sahani kubwa inayozunguka. Utaona vijiti vifupi vyenye waya, na masanduku bapa yaliyofunikwa kwa turubai nyeusi. Darubini hii huelekezwa kwa hesabu, bila mota. Mawimbi inayoyanasa husafiri kwa faiba hadi kwenye kompyuta zilizoko Groningen.

Utafiti wetu, LoTSS, unapima anga ya kaskazini kwenye masafa ya megahezi 120 hadi 168. Toleo la pili, la mwaka 2022, lilimaliza asilimia 27 ya anga hiyo na kuorodhesha vyanzo vya mawimbi ya redio 4,396,228. Vingi mno ni galaksi za mbali, na kila kimoja kimepewa jina linalotokana na mahali kilipo angani.

Programu ndiyo inayotafuta madoa kwenye picha, na inafanya hivyo vizuri. Inapokwama ni kwenye galaksi ambazo shimo jeusi la katikati hurusha mikondo ya chembe pande mbili. Mawingu mawili yanang'aa huku na huku, galaksi yenyewe katikati pengine haionekani kabisa kwa redio, basi programu inaandika vyanzo viwili. Na kuna madoa mawili yaliyokaribiana ambayo hayana udugu wowote! Hapo ndipo jicho la mtu linapohitajika. Unaweka ramani ya redio juu ya picha ya mwanga wa kawaida, unatafuta mwenye mawingu hayo ni nani. Katika toleo la kwanza, la 2019, vyanzo vigumu viliangaliwa na wanaastronomia wasiopungua watano kila kimoja. Orodha ya vyanzo 325,694 ikashuka hadi 318,520. Wengine huona tofauti hiyo ni ndogo; mimi naiheshimu kuliko idadi yote, kwa sababu galaksi iliyoandikwa vipande vipande itahesabiwa kuwa fupi na dhaifu, na atakayeitumia orodha kupima nguvu za mashimo meusi atapata jibu la uongo.

Usiku wa Desemba huku ni mrefu kupita kiasi, na kundi la nyota la Msalaba wa Kusini halichomozi kamwe. Antena za Drenthe haziwezi kulifikia hata zingeongezwa mara mia. Anga hiyo ya kusini inapimwa na darubini za redio MeerKAT ya Afrika Kusini na ASKAP ya Australia, na Kenya ni miongoni mwa nchi washirika wa Afrika katika SKA, mradi wa kimataifa wa kujenga darubini kubwa za redio.

Picha na orodha za LoTSS ni bure kwa yeyote. Wadogo zangu mnaosoma fizikia, pakueni kipande kimoja cha anga, mtafute mawingu mawili, kisha mniandikie mmeona galaksi yake wapi.