Kabla hujameza hiyo diklofenaki

Hapa Mombasa mgongo ukiuma kidogo tu mtu mbio duka la dawa, anameza diklofenaki, dawa ya maumivu, na chai ya rangi tumbo tupu kisha analalamika kiungulia. Hizi dawa, ibuprofeni imo pia, zinapunguza kinga ya ukuta wa tumbo, sasa kama ushawahi kuwa na vidonda au unatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), damu yaweza kuvuja ndani hata hujui. Mamangu ana presha, nishamwambia asiguse bila daktari, maana zinapandisha presha na kuumiza figo, haswa joto letu hili la Februari mtu amekauka maji. Mwenye pumu aulize kwanza, mjamzito ndo kabisaa. Na kuchanganya mbili za aina hii, eti moja ya kichwa moja ya goti, wallahi ni zile zile! Ukiona choo cheusi kama lami, hospitali saa hiyo hiyo.