Pezi Lililokatwa

Mgongoni mwa samoni, samaki anayezaliwa mtoni, akakulia baharini na kurudi mtoni kutaga, karibu kabisa na mkia, huota pezi dogo laini lisilo na miiba. Katika majimbo ya Washington na Oregon nchini Marekani, mamilioni ya vifaranga vya samoni hukatwa pezi hilo kila mwaka kabla ya kuachiliwa mtoni, ili mvuvi atakayewanasa wakiwa wakubwa ajue kwamba walizalishwa katika kituo cha kutotolesha samaki. Alama hiyo hunirudisha kila mara kwenye mjadala wa kama vituo hivyo viendelee au vifungwe, kwa kuwa wanaozalisha samaki wenyewe wanakiri kwamba samaki hao si sawa na wale wa asili.

Imani katika vituo hivi ni ya zamani: Livingston Stone alianzisha cha kwake kando ya Mto McCloud, California, mwaka 1872. Yalipokuja mabwawa makubwa, vituo viligeuzwa fidia ya samaki waliozibiwa njia. Bwawa la Grand Coulee katika Mto Columbia, lililokamilika mwaka 1942, halikuwekewa njia yoyote ya samaki kupanda, na kwa maoni yangu hapo ndipo tulipokosea, tukadhani kwamba ukiwa na vifaranga huhitaji mto.

Kifaranga wa kituoni hurushiwa chakula kutoka juu, hivyo huzoea kukimbilia usoni mwa maji aonapo kivuli. Mtoni, kivuli kile kile huwa cha ndege mla samaki. Lakini hilo ni la tabia tu, na kubwa zaidi ni la kurithi. Utafiti wa Mto Hood, Oregon, uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu trauti wanaohamia baharini, ndugu wa karibu wa samoni, ulionyesha kwamba uwezo wao wa kuzaliana mtoni ulipungua kwa takriban asilimia 40 kwa kila kizazi kilichofugwa.

Hata hivyo, siwezi kuungana na wanaotaka vituo vyote vifungwe. Makabila ya wenyeji asilia wa Marekani kama Wayakama na Wanez Perce yana haki ya kuvua iliyoandikwa katika mikataba ya mwaka 1855, na bila vituo leo yangevua kidogo mno. Tena, mwaka 1992 samoni mwekundu mmoja tu, dume, alirudi katika Ziwa Redfish, Idaho, na ukoo wake upo hadi leo kwa sababu uzao wa wachache waliosalia ulilelewa matangini. Huko waliowalea walijua wanamwokoa nani. Vituo vingi vya Columbia, kwa upande wao, bado hujisifia idadi ya vifaranga vilivyoachiliwa, ilhali mimi ningeuliza kwanza ni samaki wangapi wenye pezi lao kamili waliotaga katika changarawe za mto mwaka huo.