Ngagi ni mbuzi wangapi?

Ukitoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa barabara ya Kavumu, ukiliacha tu soko la Mudaka nyuma, mlima wa Kahuzi unajitokeza mkono wa kushoto. Barabara hii nimeipita tangu nabebwa mgongoni. Likizo zote tulipelekwa kijijini kwa kina baba, chini ya Lwiro, na mlima ulikuwa pale pale: asubuhi bluu, mchana umejifunika mawingu, jioni mweusi ti. Sikuwahi kuufikia. Baba naye hakuwahi. Kwetu ulikuwa saa na utabiri wa hali ya hewa. Ukivaa kofia ya wingu, anua nguo.

Nilirudi Agosti 2023, baada ya miaka 14 Ubelgiji. Kule, kila mtu kazini akisikia natoka Bukavu alikuwa na swali moja: umewaona gorila? Mara ya kwanza nilisema hapana, nikaona uso wa mwenzangu ukishuka, kama mtu aliyekutana na mzaliwa wa Misri asiyejua piramidi. Tangu siku hiyo nikawa nadanganya. Nilisema nimewaona mara mbili. Baadaye zikawa mara tatu. Kwa hiyo safari hii, pamoja na mambo ya familia na kaburi la baba, nilikuja pia kulipa deni la uongo.

Shangazi yangu alinipokea mlangoni kwa "Asinge, asinge," akanishika mikono yote miwili, akanitazama, akasema nimekonda, Bulaya hawapiki. Ndani kulikuwa na bugali, sombe na sambaza za kukaanga, na kibuyu cha mashanza, maziwa ya mgando, pembeni. Nilikula mpaka nikashindwa kuinama. Nilipomwambia nataka kwenda Parke kuona ngagi, yaani gorila, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna mtu wa kazi nimeagizwa kukutana naye huko. Kwamba mtu aende porini kutazama tu, hilo halikumwingia.

Parke ndivyo tunavyoiita. Kwenye karatasi ni Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970, ikaingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1980, na tangu 1997 imo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Jina limetokana na milima miwili, volkano zilizokwisha kuzimika: Kahuzi wenye mita 3,308 na Biega wenye 2,790. Pale Miti unaacha barabara ya Kavumu, unakata kushoto, unapanda katikati ya mashamba ya chai mpaka Tshivanga, kwenye ofisi na lango. Barabara hiyo hiyo inaendelea, inapasua hifadhi na kushuka kuelekea Bunyakiri, kwa hiyo unaposubiri mwongozaji wako unapitwa na malori yaliyopakia mikungu ya ndizi na watu juu yake. Nilivaa viatu vya mlima vilivyonunuliwa Brussels. Motari aliyenileta alivitazama sana, akaniuliza kama ni vya mpira wa miguu.

Wapisteri walikuwa wametangulia alfajiri kutafuta mahali familia ilipolala. Sisi tulifuata nyuma na mapanga. Nilidhani naujua msitu, mimi mtoto wa Kivu! Msitu wa mianzi siyo msitu niliokuwa nao kichwani. Hauoni mbele zaidi ya hatua kumi, ardhi inateleza hata wakati wa kiangazi, na mianzi iliyoanguka inakutegea mguu kama kamba. Mwongozaji alieleza kwamba mianzi ikichipua ngagi hupanda huku juu kufuata machipukizi, na yakiisha wanarudi kwenye majani na mimea ya pori inayotambaa. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza ratiba ya jirani.

Kisha akatufanya tuvae barakoa, maana mafua yetu yanaweza kuua familia nzima yao. Saa moja tu, hakuna kuongeza. Na dume alikuwa ameketi. Sina sentensi nzuri ya jambo hili, na nimejaribu. Mgongo wa fedha kama uji uliomwagikiwa majivu, mkono mmoja umeshika bua, anatafuna bila haraka. Alitugeuzia macho mara moja akaendelea na chakula chake. Nilitegemea kuogopa, nikajikuta naona haya, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu wakati wa kula. Mtoto mmoja aliteleza kutoka juu ya mti, akaanguka kwenye majani, akaangalia kama tumemwona.

Hawa ni ngagi wa Grauer, wakubwa kuliko gorila wote, na hawapatikani nchi nyingine yoyote isipokuwa kwetu. Vita vya miaka ya 1990 vilipunguza wale wa upande huu wa juu karibu nusu. Tembo wa huku juu karibu wote waliisha. Mpisteri mmoja mzee alinionyesha kwa panga njia pana iliyofungwa na vichaka: hii ilikuwa yao.

Yule mzee ndiye aliyeniharibia siku, kwa wema. Tulipokuwa tunashuka nilimwuliza kijiji chake. Akaonyesha nyuma yetu, juu, ndani ya msitu. Mbatwa, wa watu wa asili wa msitu huu. Wazazi wake walizaliwa mle. Mbelgiji Adrien Deschryver, aliyepigania hifadhi hii ianzishwe, aliwazoesha ngagi kuona watu akitembea na wapisteri Wabatwa, kwa sababu ndio waliojua walipo. Kisha katika miaka ya 1970 Wabatwa walitolewa msituni, bila ardhi nyingine ya kuwatosha. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi ndani, kukawa na mapigano na walinzi, watu wakafa pande zote mbili. Walinzi nao ni watoto wa vijiji hivi, wengi wameuawa wakiulinda msitu huu, na bila wao pengine ningeonyeshwa mashina yaliyogeuzwa makaa. Sikujua nimpe mzee jibu gani. Nilimpa bahasha, akasema "koko", yaani asante, akaiweka mfukoni bila kuifungua.

Siku iliyofuata nilikwenda Lwiro kwa miguu, dakika arobaini kutoka kwa shangazi, ishirini kama hunywi kasiksi, pombe ya ndizi, njiani. Hapo nilikuwa na shauri la familia. Babu yangu alifanya kazi Lwiro wakati wa Wabelgiji, na kazi yake, kama tulivyohadithiwa, ilikuwa kuokota wadudu. Tulicheka sana utotoni. Mtu mzima, baba wa watoto, analipwa kukimbiza vipepeo!

Lwiro ukiiona mara ya kwanza unadhani umepotea njia. Katikati ya migomba na mashamba ya mihogo kunasimama jumba kama monasteri, la mawe na matao, na bustani zilizopangwa kwa kamba. Wabelgiji walianzisha taasisi yao ya utafiti wa Afrika ya Kati, IRSAC, mwaka 1947, na Lwiro ikawa makao yake makuu: maktaba, maabara, vyombo vya kupima matetemeko ya ardhi, mikusanyo ya nyoka, ndege, samaki. Leo inaitwa Kituo cha Utafiti wa Sayansi ya Asili, CRSN. Maktaba ilininyima pumzi. Rafu za mbao nyeusi hadi darini, ukimya, harufu ya karatasi na nta. Mtunzaji alikuwa na koti lililofungwa vifungo vyote, akaniambia kwamba wakati wa vita watu wa kituo waliendelea kufika kazini hata mshahara ulipokuwa hadithi. Alisema bila kujisifu, huku anafuta vumbi kwenye meza iliyokuwa haina vumbi.

Nilimwomba wadudu. Akavuta droo moja, ya pili, ya kumi. Mende wa kijani kama chupa, vipepeo waliofifia, kila mmoja kwenye pini, na chini yake kikaratasi cha ukubwa wa ukucha: mahali, tarehe, jina la aliyekusanya. Niliinama na simu yangu kama taa. Lwiro, 1955. Lwiro, 1956. Majina yote ya Kizungu. Nilitafuta karibu saa nzima, nikijua sitalipata, na mtunzaji akawa anafungua droo moja baada ya nyingine bila kuniuliza natafuta nini. Mwishowe alisema tu: "Babu yako?" Nikasema ndiyo. Akasema wanakuja wengi.

Miaka ya nyuma nilitembelea jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya Brussels, nikalipa kiingilio, nikatembea kati ya vitu vya kwetu nikitafuta hasira niliyotarajia kuwa nayo. Haikuja siku ile. Ilikuja Lwiro, mbele ya mende.

Nyuma ya kituo kuna makao ya sokwe yatima, yaliyoanzishwa mwaka 2002. Wako sokwe zaidi ya mia moja, na nyani wa kila aina, wengi walinyang'anywa wawindaji na wafanyabiashara wakiwa wadogo, mama zao wameshaliwa. Akina mama wa vijiji vya jirani wanawalea. Nilimkuta mmoja anamnywesha sokwe mdogo maziwa kwa chupa huku anazungumza kwenye simu kuhusu bei ya maharage. Sikukaa sana, nilikuwa bado na wadudu kichwani.

Shangazi aliniona jioni nimepooza, akasema kesho atanipeleka mahali pake mwenyewe. Tulipanda pikipiki mbili hadi Katana, yeye amekaa upande kama malkia, kitambaa chekundu kichwani, akimgombeza motari kila kona. Alinipeleka Kankule, kwenye maji ya moto. Huko hakuna lango, tiketi wala kibao. Maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto sana, ile ile joto ya chini iliyopasua bonde letu na kutengeneza ziwa, na ukishuka kidogo kufuata mkondo yanapoa mpaka mwili unavumilia. Wanawake walikuwa wanafua, wazee wametumbukiza magoti, watoto wanapiga kelele. Kila mtu alimjua shangazi. Kila mtu aliuliza mimi ni nani, na kila mara alijibu kwa jina la babu, siyo langu.

Tuliketi kwenye jiwe, miguu majini. Akauliza, hatimaye, ngagi nimewalipia kiasi gani. Nilijaribu kukwepa. Akasema nimwambie kwa mbuzi. Nikapiga hesabu, nikamwambia idadi ya mbuzi, na hiyo ni bei ya Mkongomani, mgeni alikuwa analipa mara nyingi zaidi. Alicheka mpaka kitambaa kikalegea. Aliwaita wenzake, akawaeleza kwa Kishi, nao wakacheka, mmoja akaniuliza kama angalau nilipewa mguu mmoja wa ngagi nibebe.

Kisha shangazi akauliza kwa sauti ndogo: "Na walikutazama?"

"Mmoja. Mara moja."

Akafikiri. Maji yakapita kati ya vidole vyetu.

"Si mbaya," alisema. "Sasa sogeza miguu, unanizibia maji."