PubMed inaonyesha muhtasari tu: nilivyoipata makala kamili

Kila nikibofya kiungo cha jarida kwenye PubMed (hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba) naambiwa nilipe, ilhali maktaba ya hospitali imeshalilipia. Sababu: jarida hutambua anwani ya IP ya mtandao wa hospitali, nami nilikuwa nje yake. Nikafungua PubMed kupitia kiungo cha ukurasa wa maktaba, nikaweka nywila ya maktaba, na kitufe cha maktaba cha kufungua makala kamili kikajitokeza kando ya muhtasari.

Kisipojitokeza, tafuta PMCID (namba ya makala katika PMC, hifadhi ya bure ya makala kamili). Ikiwepo, makala husomwa bure PMC, isipokuwa kama muda wa zuio (ambao jarida haliruhusu isomwe bure) haujaisha. Usikimbilie kulipa. Mtumie mkutubi PMID (namba ya makala katika PubMed, isiyozidi tarakimu 8) aiagize makala hiyo kutoka maktaba nyingine. Kichwa cha makala peke yake hakitoshi, maana vichwa vingine hufanana mno.