Manyani Wawili wa Adili

Masika ya mwaka ule mvua ilipiga Tanga siku nne mfululizo na umeme ukakatika. Nikamsomea bibi yangu *Adili na Nduguze*, kitabu cha Shaaban Robert, kwa taa ya chemli. Bibi alisoma Kiarabu tu, lakini hadithi za Alfu Lela Ulela alizisikia tangu utotoni.

Usiku wa kwanza niliharibu. Nilisoma mbio kama mtu anayesoma gazeti. Sentensi za Shaaban Robert huenda mbili mbili: nusu ya kwanza inaweka neno, ya pili inalijibu. Ukikimbia, lile jibu linamezwa. Bibi akainua kiganja.

"Mjukuu wangu, shusha pumzi. Huyu malenga; hata akisimulia, mizani haimtoki."

Tangu hapo tukawa tunasoma kurasa nane, tisa kwa usiku. Zikizidi, sauti inachoka na maneno yanaanza kugongana.

Majina nayo tulikuwa tunayafungua kwanza. Mfalme ni Rai, nchi yake Ughaibu, kule kusikoonekana. Adili anatawala Janibu, yaani pembeni. Nduguze ni Hasidi na Mwivu. Msomaji wa leo akiyaona majina haya huona siri imeshatoboka, akakifunga kitabu. Hapo ndipo anapokikosa. Kitabu hiki hakikufichi nani mbaya. Kinakuuliza mtu mwema atamfanyia nini nduguye aliyemdhulumu. Hata mwanzo wake, kodi ya Janibu kuchelewa kumfikia mfalme, mimi nausoma nikimkumbuka mwandishi mwenyewe, aliyekuwa karani wa forodha miaka mingi.

Usiku wa tatu tukafika penye mijeledi. Kila usiku Adili huwachapa manyani wawili, nduguze waliogeuzwa, kisha huwabembeleza na kuwalisha. Bibi akaketi wima mkekani.

"Hao walikuwa mbwa."

Nikamwambia imeandikwa manyani.

"Mimi nakwambia nilivyosikia. Wa Basra, zama za Harun al-Rashid. Ndugu wawili waligeuzwa mbwa."

Alikuwa amesema kweli. Kitabu hiki cha mwaka 1952 kimesimama juu ya kisa cha Abdalla bin Fadhil na nduguze, kilichomo katika Alfu Lela Ulela, na humo ni mbwa. Basra imekuwa Janibu, khalifa amekuwa Rai, mbwa wamekuwa manyani. Nikamuuliza kwa nini mwandishi abadilishe.

Bibi hakujibu upesi. Alisogeza mikono yake karibu na taa, akafungua vidole vyote kumi, kucha zimebaki na hina hafifu ncha tu.

"Mbwa ana makucha. Nyani ana hivi. Ukimpiga, anajikinga kama wewe."

Nimesoma maelezo mengi ya kitabu hiki tangu siku hiyo, na sijaona lililoshinda hilo. Mbwa akichapwa, wengi pwani wangepita njia yao. Nyani anayejikinga uso kwa viganja humfanya msomaji auone mkono wa ndugu, nao mjeledi ukawa mzito kwa anayeushika. Ndiyo maana ukurasa ule hausomwi kwa sauti ya hasira, ingawa mwanzoni mimi niliusoma hivyo hivyo.

Bibi akapunguza utambi, mafuta yalikuwa yamebaki kidole kimoja.

"Rudia pale anapowalisha," akasema. "Polepole."